RAM mpya, gemu linajifunga: wapi pa kuanzia

Kompyuta ilikuwa na GB 8 za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi. Imeongezwa stiki nyingine, na sasa Windows inaonyesha GB 16 au 24. Intaneti inafunguka haraka, filamu zinaenda, Word haina neno. Lakini ukifungua gemu, dakika ya 10 au ya 40 linajifunga na kukurudisha kwenye desktopu, mara nyingi bila hata ujumbe. Wengi hapo hufuta gemu na kulipakua upya. GB 60 za bando zinateketea na tatizo linabaki palepale. Wengine humlipa fundi apige Windows upya, na wiki hiyohiyo mambo yanarudi.

Kinachowapoteza watu ni kuamini kwamba RAM ikishasomwa na kompyuta basi ni nzima. Kwenye kila stiki kuna chipu ndogo iitwayo SPD, iliyobeba maelezo tu: ukubwa, kasi, volti. BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, inasoma maelezo hayo na Windows inakuonyesha GB 16. Hakuna aliyeandika na kusoma tena kila sehemu ya hizo GB 16 kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Stiki ya GB 8 ina biti, yaani vijisehemu vya kubeba 0 au 1, zaidi ya bilioni 68. Moja ikiwa mbovu, stiki itasomwa vizuri kabisa na kompyuta itawaka kama kawaida.

Kwa nini basi gemu ndilo linaloumia kwanza? Kivinjari kikikutana na biti iliyogeuka, pengine ni nukta moja ya picha itakayobadilika rangi, na hakuna atakayeona. Gemu linapakia GB kadhaa za data iliyobanwa, linaifungua, kisha linajenga orodha ndefu za anwani zinazoelekeza kipi kiko wapi ndani ya RAM. Biti moja ikigeuka ndani ya anwani, programu inaelekea mahali isipo na ruhusa, na Windows inaifunga papo hapo. Hapo ndipo namba 0xc0000005 inapotokea: programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Joto nalo linachangia. Seli ya RAM ni kama kindoo kinachovuja. Kwenye DDR4, kizazi cha nne cha RAM hizi, kila kindoo hujazwa upya ndani ya milisekunde 64. Kikipata joto kinavuja haraka zaidi, na gemu la saa mbili hupasha kasha lote. Ndiyo maana stiki dhaifu inaweza kuvumilia asubuhi nzima ya kazi za ofisi kisha ikashindwa jioni.

Kama kompyuta yako haina kadi ya grafiki ya peke yake, jambo hili linakuhusu zaidi. Grafiki iliyo ndani ya prosesa hutumia RAM hiyohiyo kama kumbukumbu yake ya picha. RAM ikikosea, utaona pembetatu zinazochomoza angani, rangi zilizochanganyika, au skrini inayozima na kuwaka, na utasema grafiki imekufa. Haijafa.

Kabla ya kufungua kasha, soma dalili

Bonyeza kitufe cha Windows, andika perfmon /rel, kisha Enter. Utaona kalenda yenye alama nyekundu kila siku programu ilipoanguka. Angalia mpangilio wake. Kama linaloanguka ni gemu moja tu, na faili linalotajwa ni lilelile kila mara, anza na gemu lenyewe au draiva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha grafiki. Lakini kama leo ni gemu, kesho ni kivinjari, keshokutwa faili la zip linadai limeharibika wakati jana lilifunguka, basi hakuna programu ya kulaumu. Wote hao wanakaa kwenye nyumba moja inayovuja.

Skrini ya bluu nayo ina lugha yake. MEMORY_MANAGEMENT, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA na IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL zikija kwa zamu, RAM ni mshukiwa wa kwanza. Moja peke yake ikirudia kila mara inaweza kuwa draiva. Kubadilikabadilika ndiko kunakoisema RAM.

Stiki mbili nzima, ndoa mbovu

Hapa ndipo pana utata, na ndipo mafundi wengi wanapokosana na wateja. Stiki ya zamani ni nzima, stiki mpya ni nzima, lakini zikikaa pamoja gemu linaanguka. Si uchawi. Prosesa huzungumza na stiki zote kwa mapigo ya pamoja, na ubao mama (motherboard) hulazimika kutafuta mpangilio mmoja utakaozifaa zote: kasi ya ile ya polepole, na vipindi vya kusubiri vya ile inayosubiri zaidi. Mara nyingi hupata. Wakati mwingine hupata mpangilio unaokaribia tu kufaa, na huko kukaribia ndiko gemu linakokuja kukufumbua macho.

Maandishi ya nje hayatoshi kukuambia kama zinapatana. Stiki mbili za jina moja, zote zimeandikwa DDR4-3200 GB 8, zinaweza kubeba chipu tofauti ndani, moja Samsung, nyingine Micron au SK hynix, kwa sababu mtengenezaji wa stiki hununua chipu kwa nyakati tofauti. Moja inaweza kuwa na safu moja ya chipu, nyingine mbili. Programu ya bure ya CPU-Z huonyesha haya: fungua ukurasa wa SPD, chagua sloti (tundu la kuchomekea stiki) moja baada ya nyingine, ulinganishe. Usishtuke ukurasa wa Memory ukikuandikia MHz 1600 kwenye RAM ya 3200. Data hupita mara mbili kwa kila pigo, kwa hiyo namba ya dukani ni mara mbili ya mapigo yenyewe. Ndiyo sababu ya kupendelea pakiti ya stiki mbili zilizouzwa pamoja: mtengenezaji amezipima zikiwa pamoja.

Kisha kuna XMP, mpangilio wa kasi ya juu uliohifadhiwa tayari ndani ya stiki. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600 kwenye boksi kwa kawaida huwaka kwa 2133, 2400 au 2666 na volti 1.2, ambavyo ni viwango vya kawaida. Hiyo 3600 ni kasi ya kuilazimisha, mara nyingi kwa volti 1.35, na huja tu ukiwasha XMP kwenye BIOS. Ubao wa AMD wa DDR5 huiita EXPO, na baadhi ya mbao za Asus huiita DOCP. Prosesa haikuahidi kuimudu kasi hiyo. Ukiwa na stiki mbili ilimudu. Ukiongeza mbili nyingine zikawa nne, mzigo kwenye njia za umeme umeongezeka na kasi ileile haishikiki tena. AMD wenyewe, kwa prosesa zao za Ryzen 7000, wanaahidi DDR5-5200 kwa stiki mbili, na 3600 tu zikiwa nne. Tofauti hiyo ni kubwa, na mnunuzi wa stiki ya tatu na ya nne anastahili kuijua kabla ya kutoa pesa.

Hatua zenyewe

Zifuate kwa mpangilio huu. Ukiruka moja na kubadili mambo matatu kwa mpigo, gemu likitulia hutajua kilichoponya ni kipi.

Kwanza, zima XMP. Ingia BIOS kwa kubonyeza Del au F2 mara tu unapowasha. Dell ni F2, HP F10, kompyuta za mezani za Lenovo mara nyingi F1. Rudisha mipangilio ya RAM kwenye Auto, hifadhi, kisha cheza gemu lilelile kwa muda uleule uliokuwa likianguka. Likitulia, umejifunza kwamba stiki huenda ni nzima na kasi ndiyo iliyozidi. Hatua hii ni ya dakika tano na haigharimu hata shilingi, ndiyo maana inatangulia.

Likianguka tena, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Kwenye laptopu, tenganisha betri kwanza. Chomoa stiki zote. Meno ya dhahabu yapanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Wengi hutumia raba ya kufutia penseli. Inang'arisha kweli, lakini inakwangua dhahabu na kuacha vipande vinavyoingia kwenye sloti. Usipulize sloti kwa mdomo pia, mate ni unyevu.

Kurudisha stiki kunataka nguvu kuliko watu wanavyodhani. Linganisha pengo la stiki na kijino cha sloti, bonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka usikie klipu ikifunga. Baadhi ya mbao zina klipu upande mmoja tu, na huo upande usio na klipu ndio unaobaki juu bila mtu kujua. Inama uangalie usawa wa jicho: ukiona dhahabu imechungulia upande mmoja kuliko mwingine, haijakaa. Stiki iliyokaa nusu inaweza kuwaka, ikasomwa, na ikakosea kila kasha linapotikisika. Kwenye laptopu, stiki huingia ikiwa imeinama kama nyuzi 30, inasukumwa mpaka mwisho, ndipo inalazwa.

Sloti nazo zina utaratibu. Ubao wenye sloti nne ukiwa na stiki mbili, karibu kila mara zinakaa kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukizikalisha jirani zinashiriki njia moja: kasi inapungua, na XMP mara nyingi haishikiki. Kitabu cha ubao wako ndicho chenye neno la mwisho hapo.

Kipimo kinachoaminika

Windows ina kipimo chake, mdsched. Kina faida kikikuta kosa. Kisipokuta, usikiamini sana, kwani stiki nyingi mbovu hukipita. Tumia Memtest86+ au MemTest86. Ni programu mbili tofauti zenye majina yanayofanana, zote zinawaka kutoka kwenye flashi kabla ya Windows, kwa hiyo zinaweza kufika karibu kila sehemu ya RAM. Ya kwanza ni ya bure kabisa. Ya pili ina toleo la bure linalokwenda mizunguko minne. Flashi ya GB 1 inatosha, lakini kila kilichomo kitafutwa. Kama flashi inagoma kuwaka, huenda ukahitaji kuzima Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizotambuliwa kuwaka kabla ya Windows, kwenye BIOS. Kabla ya hapo hakikisha una ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski) mkononi, la sivyo Windows inaweza kukuomba ufunguo huo ukirudi na ukajikuta umefungiwa nje ya mafaili yako mwenyewe.

Wacha mizunguko minne iishe. Kwa GB 16 ni saa kadhaa, kwa hiyo washa usiku. Umeme ukikatika hakuna kinachoharibika, unaanza upya tu.

Unachotafuta ni makosa sufuri. Si matatu, si moja. Kosa likitokea, mstari mwekundu utaonyesha anwani, kilichotarajiwa na kilichopatikana. Chukua mfano: kilichotarajiwa ni ffffffff, kilichopatikana ni ffffdfff. Kati ya biti 32 zilizoandikwa zote 1, moja imerudi 0. Kompyuta haijui kama hiyo 0 ni kosa. Inaichukua kama ilivyo na kuendelea na kazi. Makosa yakirudi anwani ileile kila mzunguko, seli imekufa. Yakitawanyika huku na huko, fikiria kasi, volti, au stiki isiyokaa vizuri.

Sasa tenganisha. Weka stiki A peke yake kwenye sloti ya pili, pima. Toa, weka stiki B kwenye sloti hiyohiyo, pima. A ikipita na B ikaanguka, B ni mbovu, hadithi imeisha. Zote zikianguka kwenye sloti hiyo, hamishia A kwenye sloti ya nne. Ikipita huko, sloti ya pili ndiyo yenye kasoro: vumbi, pini iliyopinda, au kikao cha prosesa, kwa sababu njia za RAM zinapita kwenye pini za prosesa, na kifaa cha kupoozea kilichokazwa upande mmoja kinaweza kuziinua. Zote zikipita zikiwa peke yake na kuanguka zikiwa pamoja, hapo una ile ndoa mbovu.

Ndoa hiyo inaweza kusuluhishwa. Angalia kwanza kama kuna BIOS mpya ya ubao wako. Watengenezaji hurekebisha upatanifu wa RAM mara kwa mara. Kisha shusha kasi hatua moja moja, kutoka 3200 kwenda 2933, kisha 2666, ukipima kila mara. Ubao ukiruhusu, badilisha Command Rate, muda wa kusubiri kabla ya kila amri kwa RAM, kutoka 1T kwenda 2T. Kutoka 3200 kwenda 2666 utapoteza fremu chache tu kwenye magemu mengi yenye kadi ya grafiki ya peke yake, na kwenye grafiki ya ndani ya prosesa utapoteza zaidi. Ni bei nafuu kwa kompyuta isiyojifunga. Usikimbilie kuongeza volti. Kwa DDR4, 1.35 ndiyo kawaida ya XMP; kuipita bila sababu ni kupasha joto stiki ambayo tayari inalalamika.

DDR5 ina jambo lake: ukiweka stiki mpya, mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa huku ubao ukijifunza mapigo ya stiki hizo. Subiri angalau dakika 15. Wengi huzima katikati, wakawasha, wakazima tena, kisha wakarudisha stiki nzima dukani.

Kompyuta za ofisi zilizotumika

Kompyuta nyingi za mezani zinazochezewa magemu, zile za maduka ya Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli (Nairobi), zilianza maisha ofisini: OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo. Ni mashine imara, lakini BIOS zake kwa kawaida hazina XMP wala mahali pa kubadili kasi. Ukinunua RAM ya 3600, itashuka kwenye kasi yake ya kawaida na pesa ya ziada imepotea. Nunua ya kawaida, 2666 au 3200, ya volti 1.2.

Kwa mashine za DDR3, tazama herufi L. DDR3 ni volti 1.5, DDR3L ni 1.35, na zote zina pengo mahali pamoja, kwa hiyo zinaingia sloti moja bila pingamizi. Prosesa za Intel za kizazi cha sita zinazotumia aina hiyo zinataka yenye L. Pia ziko stiki za GB 8 za DDR3 za bei ya chini sana, zilizoandikwa kwamba ni za AMD tu. Amini maandishi hayo. Na RAM ya seva yenye alama ya R baada ya namba, kama PC4-2400T-R, haitawaka kwenye kompyuta ya kawaida hata ikiingia.

RAM ikipita na gemu bado linaanguka

Fikiria mkono ulivyoingia ndani ya kasha. Waya wa umeme wa kadi ya grafiki umelegea? Feni imeguswa na waya? Stiki yenyewe inakula wati chache tu, kwa hiyo si rahisi yenyewe izidishe mzigo wa pawasapulai. Ila kama siku hiyohiyo uliweka na kadi ya grafiki, anza na pawasapulai.

Halafu angalia pagefile, faili la kwenye diski ambalo Windows hulitumia kama nyongeza ya RAM. Watu huambiwa kwamba wakiwa na RAM nyingi walizime. Usilizime. Magemu huomba kumbukumbu nyingi kuliko yanayoitumia, na Windows huhesabu ahadi hizo dhidi ya RAM pamoja na pagefile. Ahadi zikijaa, gemu linaanguka hata kama RAM ina nafasi. Liache lijiendeshe lenyewe, na uache GB 20 wazi kwenye diski C. Fungua pia msconfig, sehemu ya Boot, Advanced options, uhakikishe kisanduku cha Maximum memory hakina tiki. Na kama gemu ni la zamani la biti 32, haliwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka 64. Mengi yanaishia GB 2.

Wenye prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 au cha 14, hasa i7 na i9, wana sababu nyingine. Prosesa hizo zilikuwa na kasoro ya volti iliyozidhoofisha taratibu, na dalili yake mojawapo ni gemu kudai kumbukumbu ya grafiki imeisha wakati haijaisha. Intel walitoa marekebisho ya BIOS mwaka 2024, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba. Yanazuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuathirika. Hiyo hubadilishwa kwa dhamana.

Baada ya RAM kupona, ndipo urudi kwenye mafaili, kamwe si kabla. Kila kilichopakuliwa au kusasishwa wakati RAM inakosea kilipita kwenye RAM hiyo kabla ya kuandikwa kwenye diski, na kinaweza kuwa kimeandikwa vibaya. Fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza endesha sfc /scannow; amri hizo hukagua na kurekebisha mafaili ya Windows. Kwenye Steam, bofya gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha Installed Files, chagua kuhakiki mafaili. Litapakua vilivyoharibika tu na kukuokolea bando. Draiva ya grafiki isakinishe upya. Mafaili ya hatua ulizofikia kwenye gemu hayahakikiwi na Steam, kwa hiyo gemu likianguka kila unapofungua hatua moja tu na kwingine linaenda, rudi kwenye nakala ya kabla ya siku uliyoweka stiki mpya.